Mtoto Anayehesabu Mapigo Yake Mwenyewe



Alinijia chuoni mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 14, baada ya sala ya alasiri, naye amefumba noti mkononi. Siku za Jumamosi na Jumapili kijana huyu huwabebea wachezaji wa gofu mifuko ya fimbo zao, na ujira wake humpa mama yake. Alinieleza ya kuwa bwana aliyembebea siku ile, mpira wake ulipoingia majanini, aliusogeza kwa ncha ya kiatu mpaka pahala pazuri, kisha akageuka akamwona kijana anamtazama. Mchezo ulipokwisha akampa ujira wake, na noti ile juu yake. "Maalim," akaniuliza, "hii ni halali?"

Mimi gofu sikuijua, wala sikupenda kumjibu kwa ujinga. Nikawauliza wanaoijua, nikasoma niliyoweza kuyasoma, na huko ndiko nilikokutana na khabari ya Kombe la Ryder la Vijana, ambayo naona yafaa iingie katika nyumba zetu.

Asili yake ni Mwingereza mmoja, Samuel Ryder, mfanya biashara wa mji wa St Albans, aliyetajirika kwa kuuza mbegu za bustani katika vifurushi vya peni moja moja. Yeye ndiye aliyetoa kikombe cha dhahabu ili wachezaji wa Uingereza na wa Marekani wakishindanie, na mashindano ya kwanza yakawa 1927 katika mji wa Worcester, Marekani. Tangu 1979 upande wa Uingereza umekuwa ni upande wa Ulaya nzima. Watoto wakafuata nyuma: 1995 walikutana kwa majaribio, na 1997 mashindano yao yakawa rasmi, huko Uhispania. Kila upande huleta vijana 12, wavulana 6 na wasichana 6, na wote hawa ni wa ridhaa, hawalipwi kwa kucheza. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini, ambaye leo jina lake limeenea duniani, aliichezea Ulaya katika kombe hili la vijana 2004, naye ana miaka 15. Wamarekani walishinda mara sita mfululizo, tangu 2008 hadi 2018. Kisha 2023, huko Roma, Ulaya wakawashinda kwa pointi 20 na nusu kwa 9 na nusu.

Lakini si hesabu ya vikombe iliyonivutia. Katika namna moja ya mchezo wao, vijana wawili wa upande mmoja hushirikiana mpira mmoja: huyu akipiga, mwenziwe ndiye atakayeupiga pale ulipoangukia. Mwenzio akiutupa mchangani, wewe ndiwe utakayeutoa mchangani, na huna ruhusa ya kusema kosa si langu. Mwenye watoto wengi nyumbani atafahamu mara moja uzito wa jambo hili.

La pili ni kubwa zaidi. Katika mpira wa miguu yuko mwamuzi na firimbi yake, na mchezaji huona ni ujanja kumdanganya asipotazama. Katika gofu uwanja ni mpana, wachezaji wametawanyika, na waamuzi, hata wakiwapo, hawawezi kuwa nyuma ya kila mti. Mchezaji ndiye mwenye kuhesabu mapigo yake, na akivunja kanuni ni juu yake kujitangazia adhabu. Kanuni zilizorekebishwa 2019 zimeliweka jambo hili katika mlango wa kwanza kabisa.

Na katika uwanja ule ule wa Worcester, miaka miwili kabla ya kombe la kwanza, Mmarekani Bobby Jones aliuona mpira wake umejongea kidogo majanini alipokuwa akijitayarisha kuupiga. Hakuna mwengine aliyeona. Akajiongezea pigo moja. Mwisho wa mashindano akawa sawa na Willie Macfarlane, wakarudiana, na Jones akashindwa. Pigo lile moja ndilo lililomkosesha taji la Marekani la 1925.

Nilipoisoma khabari hii niliona haya, nasema kweli. Sisi ndio tunaowasomesha watoto Suratul Mutaffifin, yenye kuwaonya wapunjao vipimo, na tunawafundisha kuwa ihsani ni kumwabudu Mola kama kwamba unamwona, kwani Yeye anakuona. Kisha mtoto huyo huyo anatoka chuoni akamwona baba yake dukani anaigusa mizani kwa kidole.

Sisemi kila kitu cha mchezo huu ni chetu. Katika kombe hilo kuna siku mvulana na msichana huchezeshwa pamoja, na mzazi ana haki ya kulitazama hilo kwa sharia yake. Wasichana peke yao wanalo Kombe la Solheim la vijana tangu 2002. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua kiasi cha saa nne, na adhuhuri haimngojei mtu afike shimo la mwisho. Na kuna watu wazima ambao kila shimo huliwekea fedha. Hiyo ni kamari, imekwisha haramishwa katika Suratul Maida, hata ikivishwa suruali nyeupe. Ama mchezo wenyewe wa kuunyosha mwili, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha.

Kijana wangu nilimwambia kuwa ujira ni halali yake, na noti airejeshe. Aliirejesha. Bwana yule hakumwita tena, na kwa wiki tatu kwao palikuwa na upungufu, mpaka akapata mzee mwengine wa kumbebea. Mzee huyu amempa fimbo moja kuukuu. Jioni hucheza na wenziwe katika kiwanja cha mchanga nyuma ya chuo, na mashimo yao ni makopo ya maziwa yaliyofukiwa. Juzi niliwasikia wakibishana kwa sauti kubwa, nikatoka kuwaamua. Wenziwe walikuwa wakisema amepiga mara sita. Yeye alikuwa akisema saba.