Utangulizi: Bastola ya Zawadi na Maneno Yaliyochorwa Juu Yake

Bastola kongwe ikitolewa kwenye sanduku la njumu hapa Pemba, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, kwanza utatajiwa jina: hii alipewa fulani na Mwingereza fulani. Kisha utageuziwa ubavu wa kasiba uyaone maandishi, jina, cheo na mwaka. Kitabu hiki kinakuomba uyasome mwisho.

Ombi hilo ni gumu, maana macho hukimbilia herufi. Lakini katika silaha za zawadi, mara nyingi uongo haumo kwenye silaha. Bastola huwa ya kweli, na umri wake wa kweli. Jina ndilo lililoongezwa juzi na mtu anayejua kuwa chuma kisicho na jina hakipandi bei.

Aliyekaa darasa la msikitini si mgeni wa fani hii. Wanazuoni wa hadithi hupima isnadi, yaani mnyororo wa waliopokezana, na hupima matini, yaani maneno yenyewe. Bastola nayo ina isnadi: nani kairithi kwa nani, ililala nyumba gani, nani aliiona kabla ya mnunuzi kupiga hodi. Pia ina matini yake iliyochorwa. Sisi tumezidisha shahidi mmoja tu, chuma, na huyo ndiye husikilizwa kwanza.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari HMS London aliuawa katika maji ya Pemba, alipolisogelea jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliwaandama wahusika. Kisa kama hiki ni asali kwa mghushi. Sasa tuseme umeletewa Webley Mark I yenye jina la Brownrigg na mwaka 1881. Bastola hiyo ilipokewa rasmi katika majeshi ya Uingereza mwaka 1887, marehemu akiwa kaburini mwaka wa sita. Hapo huhitaji hata lenzi.

Mghushi mwerevu zaidi atapanda juu, kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York, akiwemo mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, na serikali ya Marekani ikarudisha zawadi zikiwemo bastola za Colt. Wakati huo Colt zilitengenezwa Paterson, New Jersey, katika kiwanda kilichofungwa 1842. Colt ya Navy ya 1851 haiwezi kudai safari ile, hata iwe na nakshi za dhahabu. Tazama na cheo: mkataba wa Marekani wa 1833 unamtaja mtawala huyu kwa Maskati, na Zanzibar ilitengwa na Oman kwa uamuzi wa 1861 wa Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India. Anayekuonyesha "Sultani wa Zanzibar, 1836" ana la kujieleza. Mwaka wa Hijria pia upigiwe hesabu. 1252 ilianza Aprili 1836, na mghushi asiyeijua kalenda yetu hukwama papo hapo.

Tukishavuka hapo ndipo lenzi inapoanza kazi, na hapa ndipo mimi binafsi hupoteza saa nzima bila kujua. Swali ni moja: kipi kilitangulia? Mkwaruzo wa zamani ukipita juu ya herufi, herufi ni kongwe kuliko mkwaruzo. Herufi ikiukata mkwaruzo, imekuja baadaye. Kisiwani kwetu, hewa ya chumvi hutafuna chuma na kuacha vishimo vya kutu. Ukiona ncha ya mchoraji imepita ndani ya vishimo, ikang'arisha kingo zake, ujue maandishi yamechorwa juu ya kutu iliyokwishakuwapo. Gusa pia kingo za herufi. Nakshi iliyoshikwa na viganja vya vizazi vitatu hulainika, na hulainika zaidi pale mkono unaposhika. Ikiwa majani na maua ya pembeni yamefifia lakini jina bado linakwaruza kidole, havikuchorwa siku moja.

Bamba la fedha kwenye kitako husaidia, kwani fedha ya Kiingereza ina mihuri yake, na herufi ya mwaka humo hailingani na uongo kwa urahisi. Bamba lenyewe laweza kuwa limehamishwa kutoka kitu kingine, basi chunguza misumari.

Zaidi ya zawadi ya kweli na ghushi, kuna kundi la tatu, ambalo wauzaji hawalipendi: jina lililochorwa baadaye na familia yenyewe, kwa nia njema, kumkumbuka mzee wao. Si ghushi. Si zawadi ya wakati ule pia. Liandike kama lilivyo.

Nakuomba jambo jingine kabla ya kufungua sura ya kwanza. Usiisugue bastola kwa ndimu na majivu kama sinia ya shaba. Huo weusi unaouona ndani ya herufi ndio tunaoutafuta. Usijaribu kufyatua, kwani bastola nyingine zimehifadhiwa zikiwa bado na baruti tumboni. Waite polisi kwanza, halafu watu wa Mambo ya Kale. Kisha bamba ligeuze chini, jina lisionekane. Tunaanza na mtambo: gumegume au fataki?