Mali Iliyopotea Haijakosa Mwenyewe

Katika nchi jirani za Kenya na Uganda, kama ilivyo hapa Tanzania, askari polisi hukutana mara kwa mara na mtu aliyepatikana na mali isiyo yake, naye hujitetea kwa neno moja tu: "Nimeokota." Wapo wananchi wanaoamini kwamba neno hilo linamaliza kesi, kwa kuwa kuokota si kuiba. Wapo pia askari wanaoamini kinyume chake, kwamba kila anayekutwa na mali iliyopotea ni mwizi. Pande zote mbili zimekosea, na makosa yao yana madhara. Kosa la kwanza humnyima mwenye mali haki yake. Kosa la pili humpeleka mahabusu mtu asiye na hatia, na kuwafundisha majirani zake kwamba kitu kilichookotwa ni heri kufichwa kuliko kupelekwa kituoni.

Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumika mwaka 1930, chini ya utawala wa Waingereza. Asili yake ya mbali ni kanuni ya mwaka 1899 ya koloni la Queensland, katika Australia, iliyotungwa na Sir Samuel Griffith. Baada ya uhuru nchi hizi zimezirekebisha kanuni hizo mara nyingi, lakini maneno yanayoeleza wizi ni nini yamebaki karibu yale yale. Kwa hiyo askari wa Tanzania anayeielewa sheria ya jirani katika jambo hili ameielewa pia asili ya sheria yake mwenyewe.

Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinautazama wizi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua, kwa hila na bila dai la haki, kitu kinachoweza kuibwa. Njia ya pili ni kuigeuza mali, kwa hila, iwe kwa matumizi ya mtu ambaye si mwenyewe. Njia ya kwanza kila mtu anaifahamu. Ya pili ndiyo inayomhusu mwenye kuokota na mwenye kuletewa mali kwa makosa, kwa sababu watu hao wawili huenda hawakuvunja mlango wala hawakumpora mtu yeyote. Mali iliwafikia mikononi bila ubaya. Ubaya ulizaliwa baadaye.

Uzito wa njia hiyo ya pili huonekana mtu akitazama taabu iliyowapata majaji wa Uingereza kabla yake. Sheria yao ya zamani ilitaka nia mbaya iwepo wakati ule ule wa kuchukua. Mwaka 1849, katika kesi ya Thurborn, mtu aliokota noti ya benki njiani, isiyo na jina wala alama ya mwenyewe. Baadaye alimjua aliyeipoteza, na bado akaivunja noti ile na kutumia fedha. Mahakama ilisema hakuiba, kwa kuwa alipoiokota hakumjua mwenyewe. Mwaka 1885 ikaja kesi ya Ashwell. Mtu huyo aliomba mkopo wa shilingi moja usiku. Gizani akapewa sarafu ya dhahabu yenye thamani ya shilingi 20, na wote wawili wakaidhani kuwa ni shilingi. Alipogundua kosa alinyamaza, akaitumia sarafu yote. Majaji 14 waliisikiliza kesi hiyo, nao wakagawanyika saba kwa saba. Hukumu ya hatia ilibaki kwa sababu tu hawakupatikana wengi wa kuitengua.

Kanuni zilizokuja Afrika Mashariki ziliikata fitina hiyo. Hazikuishia kuuliza mtu alikuwa na nia gani alipoinama kuokota. Ziliuliza pia alijua nini siku alipoanza kuitumia mali kama yake. Hapo ndipo penye kiini cha sheria hii, na hapo ndipo uchunguzi wa askari unapotakiwa kuelekea.

Kifungu hicho hicho cha Kenya kinampa kinga mwenye kuokota, lakini kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja. Sharti la kwanza ni kwamba, wakati wa kuigeuza mali iwe yake, hakumjua mwenyewe. Sharti la pili ni kwamba aliamini, kwa sababu za maana, kuwa mwenyewe hawezi kupatikana. Aliyeokota sarafu moja katika soko lenye watu maelfu anaweza kuyatimiza masharti yote mawili. Aliyeokota mkoba wenye kitambulisho, picha na stakabadhi yenye namba ya simu hawezi kusema kwamba mwenyewe hapatikani. Aliyemkuta ng'ombe mwenye chapa amejua kwamba yupo mtu anayeitambua chapa hiyo. Na aliyeokota simu, akaizima, akatupa laini yake na kuweka nyingine, ametoa ushahidi juu ya nafsi yake mwenyewe. Kwani asiyemjua mwenye mali hana sababu ya kumkimbia.

Fikira hii si ngeni kwa watu wa sehemu hizi. Waislamu wanaifahamu kanuni ya dini yao inayomtaka aliyeokota mali ya thamani aitangaze kwa muda wa mwaka mmoja kabla ya kuitumia. Sheria ya serikali haikuweka muda huo, lakini busara yake ni ile ile: kupotea kwa mali hakukati haki ya mwenyewe.

Liko neno jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kuhusu fedha, kifungu cha 268 kinasema kwamba mwenye kuzichukua au kuzigeuza akiwa na nia ya kuzitumia apendavyo huhesabiwa kuwa amefanya hila, hata kama alikusudia kuzirudisha baadaye. Basi utetezi wa "ningelipa mwisho wa mwezi" hauna nguvu. Sheria haimruhusu mtu kujikopesha fedha za mwenziwe bila ya mwenyewe kujua, kisha akajiita mdaiwa.

Siku hizi jambo hili limepata sura mpya. Tangu mwaka 2007, ilipoanzishwa huduma ya M-Pesa nchini Kenya, fedha husafiri kwa simu, na kosa la tarakimu moja tu hutosha kuzipeleka kwa mtu asiyehusika. Fedha hizo haziokotwi njiani wala hazishikiki kwa mkono. Kanuni iliyoandikwa zama za noti, sarafu na mifugo ilihitaji msaada. Kwa hiyo sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta imeweka kosa la peke yake: kuficha au kuzuia kwa makusudi ujumbe, malipo ya elektroniki au kadi ya benki ambayo mtu ameiokota au ameletewa kwa makosa, hali inapaswa kumfikia mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Lakini askari azingatie neno "kwa makusudi". Mtu ambaye hajausoma ujumbe, au asiyejua kwamba fedha zimeingia, hajaficha kitu. Aliyepigiwa simu na mwenyewe, akazitoa fedha haraka kwa wakala na kukata mawasiliano, huyo amelijibu swali la makusudi kwa vitendo vyake.

Kuhusu adhabu, nchi hizi zimetofautiana. Nchini Kenya wizi wa kawaida una kifungo cha hadi miaka mitatu. Nchini Uganda ni hadi miaka kumi. Lakini wenye kuvaa sare wanapaswa kukikumbuka zaidi kifungu cha 280 cha Kanuni ya Kenya. Mtumishi wa umma akiiba mali ya serikali, au mali iliyomfikia kwa sababu ya kazi yake, kifungo chake kinaweza kufika miaka saba. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwananchi aliyeokota mkoba aliupata kwa bahati. Askari aliyepokea mkoba huo kaunta ameupata kwa sababu mwananchi aliiamini sare. Kadhalika mwanajeshi wa bohari aliyeletewa shehena ya kikosi kingine kwa makosa ya karani hakuiokota. Ameipokea kwa niaba ya jeshi.

Silaha na risasi zina hukumu yake peke yake. Hapo hakuna nafasi ya kungoja mwenyewe apatikane, kwa sababu kukaa na silaha bila kibali ni kosa lenyewe, hata kama iliokotwa porini. Mwananchi aongozwe kutoa taarifa upesi, na askari aipokee silaha kwa maandishi.

Kutokana na hayo yote, uchunguzi wa kesi ya mali iliyookotwa una maswali yake maalumu. Mali ilipatikana wapi na lini? Ilikuwa na alama gani za kumtambulisha mwenyewe? Mwenye kuokota alimweleza nani, na baada ya muda gani? Alianza lini kuitumia, kuiuza au kuibadili, na siku hiyo alikuwa amekwisha jua nini? Majibu yaandikwe mapema, kabla kumbukumbu hazijapoa, kwani mbele ya mahakama ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hila pasipo shaka ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba yeye ni mwema.

Zaidi ya hayo, sheria hii hutegemea jambo moja ambalo hakuna bunge linaloweza kulitunga, nalo ni imani ya wananchi. Mtoto anayeleta kituoni pochi aliyoiokota akitukanwa na kutishwa, hataleta nyingine. Mama anayerudisha fedha zilizoingia kwa makosa akisikia kwamba ziliishia mfukoni mwa aliyezipokea, atawaonya wanawe wasirudie ujinga wake. Lakini kituo kinachoandika kila kitu mbele ya macho ya aliyekileta, kikampa stakabadhi na kumtafuta mwenyewe kwa bidii, huwafanya raia wote kuwa walinzi wa mali ya wenzao. Askari wa nchi yoyote, awe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, analo jukumu lile lile: mali iliyopotea isipotee mara ya pili mikononi mwake.