Kabla valvu ya presha haijafungwa, bomba lioshwe

Msikilizaji, kama kijiji chenu kinatumia maji ya mserereko kutoka mlimani, fuatilia hili kabla fundi hajafika.

Kila maji yanaposhuka mita 10, presha huongezeka kwa takribani bar 1. Tangi likiwa mita 120 juu ya kijiji, usiku koki zote zikifungwa, bomba la chini hubeba karibu bar 12. Bomba lililoandikwa PN10 limetengenezwa kuhimili bar 10. Likipasuka, akina mama wanarudi na ndoo mtoni.

Ndiyo maana katikati ya mteremko hufungwa valvu ya kupunguza presha. Lakini inaweza kuharibika siku ya kwanza tu, kwa sababu ya mchanga. Wakati wa kuchimba mtaro na kuunga mabomba, udongo na mabaki ya plastiki huingia ndani. Vikikwama kwenye valvu, haifungi sawasawa, na usiku presha inapita kama vile haipo.

Kamati ya maji ihakikishe mambo haya:

1. Bomba limeoshwa. Mahali pa valvu pawekwe kwanza kipande cha bomba, maji yafunguliwe kwa nguvu mpaka yatoke masafi. Valvu ifuate baadaye.

2. Valvu inafaa. Kulingana na kipenyo cha bomba hakutoshi. Fundi ajue presha inayoingia, inayotakiwa kutoka, na kiasi cha maji yanayopita.

3. Mshale uliochorwa kwenye valvu unaelekea maji yanakokwenda.

4. Kuna chujio kabla ya valvu, geji ya presha kila upande, na koki za kufunga pande zote mbili, ili ifunguliwe na kusafishwa bila kumwaga maji ya bomba zima.

5. Chemba ina nafasi ya kuzungusha spana, njia ya kutolea maji, na mfuniko wenye kufuli.

Na kama bomba tayari lina maji, lifungwe juu na presha itolewe yote kabla ya kulegeza hata nati moja. Anayelinda koki ya juu asiondoke mpaka kazi iishe.

Kwa Tanzania Bara, vipimo hivyo muulizeni mhandisi wa RUWASA wilayani kwenu. Naye fundi akifika na valvu mkononi, mwulizeni swali moja tu: bomba umeliosha?