CD uliyochoma mwenyewe ikigoma kusoma, anzia hapa

Kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, bado kuna nyumba nyingi zenye CD zilizoandikwa kwa mkono: "Sendoff ya dada 2007", "Kaswida za madrasa", "Kwaya, siku ya mavuno". Siku moja unaitoa kabatini, unaiweka kwenye deki, inazunguka mara mbili tatu, kisha deki inakuandikia NO DISC. Unaweka CD ya dukani, inapiga vizuri tu. Fundi ukimuuliza atakwambia lenzi imechoka. Inawezekana kabisa. Lakini kabla hujatoa hela, ujue kwamba CD ya kiwandani na CD ya kuchoma ni vitu viwili tofauti, hata kama ukiziweka mezani zinafanana.

Ya kiwandani imegongwa kama muhuri. Plastiki inashindiliwa kwenye kalibu, inatoka na vishimo vidogo mno, halafu inapakwa alumini ili ing'ae. Vishimo hivyo vimejipanga kwenye mstari mmoja unaozunguka kama dawa ya mbu ya kuchoma, ila huu unaanzia ndani kwenda nje. Ukiunyoosha unapata zaidi ya kilomita 5. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lina mita 680, kwa hiyo ungelivuka karibu mara 8 ndipo umalize mstari wa CD moja. Leza ikipita, mwanga unarudi kwa nguvu penye usawa na kwa unyonge penye kishimo, na kutokana na kupanda na kushuka huko deki inatengeneza sauti: vipimo 44,100 kila sekunde, kwa kila spika.

CD-R haina vishimo vya namna hiyo. Ina tabaka la rangi, na mashine ikiandika inaiunguza kweli kwa leza, inaacha madoa yasiyorudisha mwanga vizuri. Yaani neno "kuchoma" si la mtaani tu, ndivyo kazi yenyewe inavyofanyika. Mwanga unaorudi kutoka CD-R kwa kawaida ni hafifu kuliko wa CD ya kiwandani, na zile CD-RW, za kufuta na kuandika tena, hurudisha kama robo tu au pungufu. Deki yenye lenzi iliyojaa vumbi inaweza kuimudu ya kiwandani na kushindwa yako. Basi jaribio la kwanza ni kuipeleka kwenye deki nyingine, ya jirani au ya gari. Ikisoma huko, safisha lenzi yako. Ikigoma kila mahali, shida iko kwenye CD.

Au haina shida yoyote, imechomwa kwa mtindo ambao deki haiujui. CD ya muziki hubeba dakika 74 au 80, basi. Ukikuta CD moja ina nyimbo 120, hiyo imechomwa kama data, mafaili ya MP3, na deki za zamani hazijui MP3 ni mdudu gani. Nyingine haikufungwa: mwisho wa kuchoma, programu huandika orodha ya nyimbo kwenye pete ya ndani kabisa, na mchomaji akiiacha wazi ili aongeze nyimbo baadaye, kompyuta itaiona lakini deki itatafuta orodha isiione. Hii mara nyingi inaweza kufungwa hata leo, kwenye kompyuta yenye mashine ya kuchomea.

Kama inasoma ila inaruka, sikiliza inaruka wapi. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko ukingoni. Zikiruka za mwisho peke yake, shuku alama za vidole, CD iliyopinda kwa joto, au ile karatasi ya picha ya maharusi iliyobandikwa juu, ambayo huifanya iyumbe ikizunguka.

Mikwaruzo nayo haifanani. Ndani ya sauti kumechanganywa hesabu za ziada, zilizotokana na kazi ya Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, ya mwaka 1960. Kwa hesabu hizo deki inaweza kuziba pengo la milimita 2 na kidogo bila wewe kusikia chochote. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni, hata uwe mrefu, unakata mstari mahali padogo tu kila mzunguko, na deki inahimili. Unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu cha mstari uleule, hapo hesabu zinaishiwa. Ndiyo maana CD inafutwa kwa kitambaa laini toka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha kama unaosha sahani. Dawa ya meno? Inasugua plastiki, na mkwaruzo mdogo wa chini unaweza kupungua, lakini nisingeanza nayo kwenye CD isiyo na nakala.

Na kitu ambacho wengi hatukijui: upande dhaifu ni wa juu, wa maandishi. Chini kuna plastiki ya milimita 1.2, juu, rangi na chuma vimefunikwa na utando mwembamba tu. Kalamu ya wino yenye ncha ngumu inatosha kuuchubua. Inua CD uitazame kwenye taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, sauti ya hapo imekwenda.

Halafu kuna jua. Rangi ya CD-R hupauka kwa mwanga na joto, kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba, na unyevu wa pwani unamaliza chuma pale utando ulipoachia. CD iliyokaa juu ya dashibodi ya daladala inaweza kufa bila mkwaruzo hata mmoja, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo kama yako bado inasoma, hata kwa kurukaruka, ihamishe wiki hii. Tafuta kompyuta yenye sehemu ya CD. Steshenari nyingi zenye kompyuta za mezani za zamani bado wanayo. Jaribu zaidi ya mashine moja, kwa sababu kuna inayosoma kile ambacho mwenzake amekikataa. Tumia programu ya bure ya Exact Audio Copy, ambayo hurudia kusoma sehemu mbovu mara kadhaa, na punguza kasi ya kusoma. Hifadhi kwa WAV kwanza, MP3 za kutumiana utazitengeneza baadaye. CD iliyojaa ni kama megabaiti 800, flashi ya GB 16 inabeba kama 18, na nakala ya pili iweke kwenye kifaa kingine. Anza na zile zisizopatikana popote, sauti ya bibi, nasaha za sendoff. Bongo Fleva nyingi utazikuta mtandaoni. Ukimaliza, cheza wimbo wa mwisho mpaka mwisho kabla hujairudisha CD kabatini, maana ukingoni ndiko makosa mengi yanakojificha.