Ukuzaji wa pamoja wa seli za mishipa ya damu

Ukuzaji wa pamoja wa seli za mishipa ya damu ni mbinu ya maabara ambamo aina mbili au zaidi za seli zinazounda ukuta wa mshipa wa damu hukuzwa katika chombo kimoja. Mbinu hiyo hutumika kuchunguza jinsi seli zinavyoathiriana, kujaribu dawa na kutengeneza mishipa kwa ajili ya wagonjwa.

Seli zinazohusika

Upande wa ndani wa kila mshipa wa damu umefunikwa na tabaka moja la seli bapa ziitwazo seli za endothelia. Hizo ndizo zinazogusana na damu. Katika ateri na vena zimezungukwa na seli za misuli laini, ambazo hukaza na kulegeza mshipa. Katika kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, badala ya misuli kuna seli ziitwazo perisiti.

Sababu za kuzikuza pamoja

Seli za aina moja zikikuzwa peke yake hazionyeshi tabia zote zilizo nazo mwilini. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki wa Marekani walionyesha kwamba asetilikolini hulegeza kipande cha ateri ikiwa tu endothelia yake haijakwanguliwa. Maana yake ni kwamba endothelia hupeleka ishara kwenye misuli. Baadaye ishara hiyo ilitambuliwa kuwa gesi ya oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Mwaka 1987 Alicia Orlidge na Patricia D'Amore walikuza seli za endothelia za kapilari pamoja na perisiti. Seli za endothelia ziliacha kuongezeka zilipogusana na perisiti, lakini zilipotenganishwa hazikuzuiwa. Mwaka 1989 ilionekana kwamba seli hizo zikiwa pamoja huamsha protini iitwayo TGF-beta, ambayo huzuia ongezeko hilo.

Matokeo hayo yana uzito kwa wagonjwa wa kisukari. Katika retina yao perisiti hupungua mapema, na baadaye mishipa mipya iliyo dhaifu inaweza kuota, kuvuja damu na hata kuleta upofu.

Namna ya kukuza

Chanzo cha kawaida cha seli za endothelia za binadamu ni vena ya kamba ya kitovu baada ya mtoto kuzaliwa. Eric Jaffe na wenzake walieleza njia hiyo mwaka 1973: kimeng'enya huingizwa ndani ya vena ili kubandua seli. Seli huwekwa katika kimiminika chenye lishe, kwenye joto la sentigredi 37. Kuna njia tatu kuu:

* kuchanganya seli katika sahani moja ili zigusane;
* kuzitenganisha kwa utando wenye vitundu, kwa mfano vya mikromita 0.4, ambavyo hupitisha molekuli lakini si seli;
* kuzipanda ndani ya jeli ya kolajeni, ambamo zinaweza kujipanga kama mirija.

Ugumu wake ni kwamba lishe inayofaa aina moja huenda isifae nyingine, na seli zinazokua upesi zinaweza kuzisonga zile zinazokua polepole. Aidha, katika sahani tulivu hakuna msukumo wa damu.

Mishipa ya kutengenezwa

Mwaka 1986 Crispin Weinberg na Eugene Bell walitengeneza mfano wa ateri kwa kolajeni na seli za ng'ombe, lakini ulihitaji kuimarishwa kwa wavu wa plastiki. Mwaka 1999 Laura Niklason na wenzake walikuza ateri kwa wiki 8 huku pampu ikiiga mapigo ya moyo, kisha wakaipandikiza kwa nguruwe.

Desemba 2024 Marekani iliidhinisha mshipa uitwao Symvess kwa watu wazima waliojeruhiwa ateri za mikono au miguu. Hukuzwa kwa seli za binadamu, kisha seli zenyewe huondolewa ili mwili wa mgonjwa usiukatae.