Thika hadi Flyover na kurudi: mzunguko wa siku moja kwa baiskeli

Kutoka Thika hadi bahari ni safari ya siku kadhaa kwa baiskeli. Lakini milima yanakoanzia maji yanayofika huko baharini unaweza kuifikia na kurudi nyumbani kabla ya giza, na sehemu kubwa ya safari utakuwa ndani ya Kaunti ya Kiambu. Mito ya Chania na Thika, inayokutana karibu na hoteli ya Blue Posts, hushuka kutoka Aberdare na kuingia Tana, kisha Kipini. Ndarugu na Ruiru nayo huingia Athi, ambao hufika bahari karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Mzunguko tunaoueleza hapa unapanda kwa upande wa mito ya kwanza na kushuka kwa upande wa ile ya pili.

Njia ni hii: Thika, Mang'u, Gatukuyu, Kamwangi, msitu wa Kieni hadi Flyover, kisha barabara kuu ya Nakuru kuelekea Nairobi kupitia Kinale na Kimende hadi Uplands, hapo unaingia Githunguri, unateremka hadi Ruiru na kurudi Thika. Ni kati ya kilomita 130 na 150, yote kwenye lami. Mwenye mazoezi ataimaliza kwa saa kumi au kumi na moja, pamoja na kula na kupumzika.

Wengi huuliza kwa nini wasianze na Ruiru, ambako barabara ni pana. Sababu ni upande tunaoendeshea. Kenya tunapita kushoto, kwa hivyo anayekunja kushoto hakati mbele ya magari. Ukianza na Kamwangi, makutano makubwa yote matatu yanakuwa ya kushoto: Flyover unakunja kushoto kuelekea Nairobi, Uplands kushoto kuelekea Githunguri, Ruiru kushoto kuelekea Thika. Ukiugeuza mzunguko, kila moja ya makutano hayo litakulazimu kukunja kulia, na pale Flyover na Uplands utakuwa unakata mbele ya malori na matatu za Nakuru.

Jua nalo halitakusumbua. Asubuhi unaelekea magharibi, jua likiwa mgongoni mwako na mgongoni mwa dereva anayekufuata, kwa hivyo anakuona vizuri. Alasiri unaporudi mashariki, jua limehama na liko nyuma tena. 

Kilima ndicho kazi ya asubuhi. Flyover iko juu ya Thika kwa takribani mita 1,000, lakini mwinuko huo umesambaa kwenye kilomita sitini na kitu. Mito ya kaunti hii inateremka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na kati yake kuna migongo mirefu ya ardhi. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole. Inayokata mito huwa kama ngazi, chini hadi darajani na juu tena. Barabara ya Kamwangi kwa sehemu kubwa hufuata mgongo. Utapita mananasi na kahawa, halafu chai, halafu msitu. Tumia gia nyepesi mapema, kabla miguu haijachoka.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukiwa umetosha. Ikifika saa nne na bado hujapita Kamwangi, geuza. Ushauri huu haupendwi, lakini anayechelewa hapo ataikuta barabara ya Githunguri jioni, wakati matatu zinarudisha watu na mwanga unaisha. Kutoka Kamwangi kurudi Thika ni mteremko, na hiyo pekee ni safari nzuri ya nusu siku.

Beba maji na chakula kutoka Kamwangi, kwa sababu ndani ya msitu wa Kieni hakuna maduka. Kuna kona kali, na ni vyema kupita mkiwa wawili au zaidi, mmoja nyuma ya mwingine. Msitu huu ni sehemu ya Aberdare, makao ya wanyamapori wakiwemo ndovu, kwa hivyo si mahali pa kuacha lami ili kutafuta picha. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukaa Kieni na Kinale hata hadi saa sita mchana. Ukikuta ukungu mzito, ngoja kwenye kibanda. Taa ya nyuma haitoshi.

Sehemu ngumu zaidi ni fupi: kilomita zisizofika ishirini za barabara kuu kutoka Flyover hadi Uplands. Hapa malori hayapunguzi mwendo. Kaa kwenye ukingo wa lami, usiende sambamba na mwenzako, na usimshikilie mwenye lori hata kama mwendo ni wa polepole. Pale Soko Mjinga, magari huingia na kutoka ghafla kununua viazi na kabichi. Macho yako yawe kwenye magurudumu ya mbele ya gari lililosimama, kwani ndiyo yanayogeuka kwanza. Chakula cha mchana ni hapo au Kimende.

Kutoka Uplands ni raha, na raha hiyo ina hatari yake. Mteremko wa Githunguri ni mrefu, una matuta karibu na shule na masoko, na pikipiki za maziwa huingia barabarani kutoka vichochoroni. Kagua breki kabla ya siku ya safari, si siku hiyo. Zibane kidogo kidogo, zote mbili, na uziachilie katikati ili zisipate joto.

Ruiru hadi Thika, tumia njia ya kando pale ilipo, usiingie kwenye leni za kasi. Njia hiyo hukatika kwenye steji na makutano, na mara nyingi utakuta imeegeshwa bodaboda au kupangwa bidhaa. Wenye pikipiki na wachuuzi tunawaomba waiache wazi, maana anayelazimika kuikwepa bidhaa anaingia mbele ya basi, na wengi wao si watalii wa Jumapili bali wafanyakazi wanaorudi nyumbani.

Kwa wazazi wanaoona baiskeli kama mchezo wa kupoteza muda: Chris Froome, mshindi wa Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alifunzwa akiwa kijana na David Kinjah, katika vijiji vya Kikuyu, hapa hapa Kiambu.

Chagua Jumapili, malori yakiwa machache, na epuka mvua za Machi hadi Mei. Beba tyubu mbili, pampu, viraka, koti la mvua, taa mbili na simu yenye chaji. Helmeti ni lazima. Ajali ikitokea piga 999 au 112. Hospitali zilizo karibu na njia ni Igegania, Githunguri, Ruiru na Thika Level 5. Mashimo kwenye barabara kuu za Nakuru na Thika huripotiwa kwa KeNHA, na ya barabara za kaunti kwa ofisi ya wadi yako.