Moduli za Ukusanyaji Data na Udhibiti katika Vichapuzi vya Chembe: Ufafanuzi wa Muundo na Suala la Ukarabati

Makala haya yanafafanua muundo wa moduli zinazotumika kukusanya data na kudhibiti vichapuzi vya chembe, yaani mashine zinazoziongezea kasi elektroni, protoni au ioni kwa nguvu ya umeme. Hoja inayoongoza ufafanuzi ni kwamba ubora wa mfumo wa moduli haupimwi kwanza kwa wepesi wake wa kukokotoa, bali kwa muda ambao mashine husimama pale sehemu yake moja inapoharibika. Kwa Tanzania hoja hii si ya nadharia tupu. Tangu mwaka 2018 Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitibu kwa vichapuzi vya mstari. Mkazi wa kata ya Sindeni, wilayani Handeni, anayepelekwa huko kwa tiba ya mionzi hupigwa dozi ndogondogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kila siku ambayo mashine imesimama humwongezea gharama ya malazi mjini, na shamba lake huendelea kumsubiri. Lililo zito zaidi ni la kitabibu: katika saratani ya shingo ya kizazi, matibabu yakivuka takriban wiki 8, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua.

Neno “moduli” limetumika hapa kwa maana ya kifaa kilichokamilika, chenye kazi yake mahususi, kinachoweza kuchomolewa na kuwekwa kingine cha aina ileile bila kuvigusa vilivyo jirani. “Kipande” halikufaa, kwa sababu kipande ni sehemu iliyokatwa kutoka kitu kizima, ilhali moduli hujitosheleza.

Wazo hilo lilikomaa katika maabara za fizikia ya nyuklia miaka ya 1960. Kabla ya hapo kila maabara ilijiundia saketi zake, na fundi aliyeziunda alipoondoka, ujuzi wa kuzitengeneza uliondoka naye. Marekani ilianza kwa kiwango cha NIM. Mwaka 1969 kamati ya maabara za Ulaya iitwayo ESONE ikatoa kiwango cha CAMAC. Kreti ya CAMAC (jina ni lilelile la kreti ya soda, na linafaa, kwani nayo ina matundu ya kupokea vitu vya umbo moja) ina nafasi 25. Nafasi mbili za mwisho upande wa kulia hukaliwa na kidhibiti. Nyuma ya kreti hupita njia ya pamoja ya data, yenye nyaya 24 za kusoma na 24 za kuandika. Moduli yenye jambo la kuripoti hutuma ishara ya kuomba kutazamwa, na kidhibiti huamua ihudumiwe lini. Kwa kuwa vipimo vya umbo, volti na mpangilio wa ishara vilichapishwa wazi, moduli iliyoundwa nchi moja iliweza kuchomekwa katika kreti ya nchi nyingine ikafanya kazi.

VME ilifuata mwaka 1981, kisha mwaka 2011 kikaidhinishwa MicroTCA.4, kiwango kilichobuniwa mahsusi kwa mahitaji ya fizikia. Hiki ndicho kinachotumika katika European XFEL, kituo chenye kichapuzi cha elektroni karibu na Hamburg, Ujerumani; kituo kizima kina urefu wa kilomita 3.4. Huko elektroni husafirishwa kwa mafungu 10 kila sekunde, na kila fungu linaweza kuwa na mapigo hadi 2,700. Sehemu ya umeme wa mawimbi hupimwa na kusahihishwa ndani ya fungu lilelile, kabla halijakwisha. Kadi za analogi hukaa nyuma ya kreti na za dijiti mbele, ili kelele za umeme zisichafue vipimo. Kinachohusu zaidi mada yetu, hata hivyo, ni jambo la kawaida kabisa: fundi akivuta mpini wa kadi, msimamizi wa kreti huikatia umeme kadi hiyo peke yake, na taa ya buluu huwaka kumwonyesha kwamba sasa anaweza kuichomoa. Kadi nyingine haziguswi.

Katika kichapuzi cha hospitali utengano wa sehemu una kazi nyingine pia, nayo ni usalama. Dozi hupimwa na chemba mbili zinazojitegemea. Ya kwanza ikishindwa kuukatisha mwali, ya pili huukatisha. Historia ya mashine ya Therac-25 inaonyesha gharama ya kuudharau utengano huo. Watengenezaji waliondoa vizuizi vya maunzi vilivyokuwa katika mashine za awali na kuiachia programu ya kompyuta kazi yote. Kati ya 1985 na 1987, nchini Marekani na Kanada, wagonjwa 6 walipata dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Kosa la programu kama hilo lilikuwamo pia katika Therac-20, lakini huko vizuizi vya maunzi vilizuia madhara.

Hata hivyo, ulinganisho wa Hamburg na Dar es Salaam una mpaka wake. Kadi za kichapuzi cha tiba kwa kawaida ni za mtengenezaji mmoja. Hazifuati kiwango cha wazi, na hospitali haiwezi kununua ya kampuni nyingine. Mashine ya kobalti-60 haikuwa na mzigo huu: chanzo chake hufifia hadi nusu kwa miaka 5.27, jambo linalokokotolewa mapema, na elektroniki zake ni chache. Kwa maoni ya mwandishi, zabuni za kununua vichapuzi zingepaswa kuuliza mambo matatu yasiyoonekana katika bei: kadi za akiba zitahifadhiwa nchini au ng’ambo, wahandisi wa hospitali wataruhusiwa kusoma kumbukumbu za hitilafu, na ni kadi zipi wanaruhusiwa kubadilisha wenyewe. Muda wa ukarabati nao uhesabiwe hadi mwisho wake halisi. Kadi ya mkondo wa dozi ikishabadilishwa, mwanafizikia tiba hulazimika kuupima upya mwali kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa.